Wazee Wetu wa Kagera na Bustani za Doha

Maneno yaliyosemwa na muuguzi mwanajumuiya kwenye mkusanyiko wa familia wa kuadhimisha miaka 63 ya Uhuru, Doha, Desemba 2024

    

Kamati ilituomba sisi wauguzi tuseme machache juu ya afya. Wengi mlitegemea presha na sukari kama kawaida yetu, na kutoka hapa mbele tunawaona wengine mmeshaanza kuficha sahani za biriani. Kuleni kwa amani. Mwaka huu tumechagua jambo jingine. Tunataka kuwazungumzia wazee wetu waliopigana vita vya Kagera, wale wanaokuja Doha msimu huu wa baridi kuwaona watoto na wajukuu, na jambo linalowapata baadhi yao tunapowapeleka bustanini.

Mtashangaa kwa nini tunataja bustani. Tutafika huko. Tuanze na watoto kwanza, maana wengi wenu mmezaliwa hapa, na shuleni mnafundishwa vita vya watu wengine.

Nchi yetu ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 bila kupigana na Mwingereza. Vita vikubwa vya taifa huru vilikuja miaka 17 baadaye. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda, ambaye babu zenu hawamtaji bila kumwita nduli, yalivuka mpaka na kuingia mkoa wa Kagera. Yakaua watu, yakachoma nyumba, yakaswaga ng'ombe, kisha likatoka tangazo kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni la Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa ili jeshi letu lisivuke. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa pale ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, akasema kuwa sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Sababu, uwezo, nia. Babu zenu wanayajua maneno hayo kama nyinyi mnavyoijua namba ya siri ya wifi.

Wakati ule jeshi letu lilikuwa na askari wapatao 40,000. Ndani ya muda mfupi likafika zaidi ya 150,000, na hao wengine hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa mgambo, vijana wa JKT, polisi, askari magereza. Yaani karani aliyeacha faili mezani, fundi aliyeacha mashine kiwandani, mkulima aliyeacha shamba halijapaliliwa. Januari 1979 wakachukua Mutukula. Februari, Masaka. Machi wakapigana Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi, na huko walikutana na wanajeshi wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwao, na tarehe 3 Juni vita vikaisha. Hapo ndipo wananchi walipoambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, na mama zetu wanajua mkanda ule ulifungwa kwa muda gani hasa. Sisi tulio kwenye miaka ya 40 tulizaliwa karibu na mwisho wa vita au baada yake, tukakulia kwenye foleni ya sabuni bila kuelezwa foleni ilianzia wapi.

Sasa tufanye hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule leo ana 66. Aliyekuwa na 30 ana 76. Oktoba mwaka huu amefariki Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala, akiwa na miaka 104. Hawa wengine ndio babu mnaowapokea uwanja wa Hamad wakiwa na kofia, koti kubwa walilodanganywa kuwa Doha kuna baridi, na begi lililojaa dagaa, mchele wa Kyela na dawa za mwaka mzima. Tunawapokea kama babu. Ni mara chache tunakumbuka kwamba tumempokea pia mpiganaji.

Tuje kwenye bustani.

Mwezi uliopita, Ijumaa moja jioni, tulikwenda Aspire Park familia nne. Mnaijua hali ya hewa ya Novemba, ile wiki ya kwanza ambayo mtu anakaa nje bila kutokwa jasho, na Doha nzima inahamia kwenye majani. Tulitandika majamvi karibu na ziwa. Tulikuwa na kuku, chapati, chupa tatu za chai. Dada yetu mmoja alikuja na baba yake, mzee wa miaka 70 kutoka Mwanza, aliyekuwa na wiki mbili tu hapa Qatar. Ameturuhusu kulisimulia hili, kwa sharti tusimtaje jina wala kusema anaishi mtaa gani.

Tulimwekea kiti akitazama ziwa. Akakigeuza, akakisogeza mpaka kwenye mti, akakaa mgongo ukiwa kwenye shina. Hakuna aliyelitilia maanani. Jua likazama. Upepo ukafa. Watoto walikuwa wakicheza mbali kidogo, bata wametulia majini, na kwa dakika chache pakawa na kimya kile kizuri tunacholipia teksi kukifuata. Kisha vile vinyunyizio vya majani vikafunguka, maji yakaanza kurushwa, na harufu ya udongo uliolowa ikatufikia. Katika nchi hii harufu hiyo ni adimu. Sisi tuliivuta tukafurahi.

Mzee alisimama. Akawaita wajukuu mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti ya chini sana, akawaambia waje nyuma ya mti, wainame, wasiseme kitu. Watoto wakadhani ni kombolela. Wakajibanza wakichekea mikononi. Binti yake ndiye aliyeuona uso wa baba yake, akatuangalia sisi, maana ndio kazi yetu.

Mmoja wetu akasogea polepole akapita mbele yake ili aonekane, akakaa chini kwenye majani hatua mbili kutoka kwake. Hakumshika. Akasema, "Shikamoo baba. Tuko Doha. Tumekaa Aspire, tunakunywa chai. Hawa ni wajukuu zako, wote watano wapo." Akanyamaza, akamwacha apumue. Baada ya muda mzee akaitikia marahaba. Akaketi. Akasema, "Najua tupo Doha. Mimi si mgonjwa. Ila hapa pametulia mno."

Ndugu zetu, neno hilo ndilo lililotufanya tuache presha na sukari mwaka huu.

Wengi tunadhani anayemkumbusha askari vita ni mshindo. Ni kweli, mshindo upo, na tutausema. Lakini mzee alituambia akishika kikombe cha chai kwamba mizinga mtu aliizoea. Mzinga ukilia unajua uko wapi. Kulikuwa na makombora yetu wenyewe, yale waliyoyaita saba saba, na sauti yake kwao ilikuwa kama ya ndugu anayekuja kusaidia. Kilichokuwa kikiwatisha ni kijiji kilichotulia. Mnaingia alfajiri baada ya mvua, udongo unanukia, migomba imelowa, ndizi zimeiva mpaka zinaanguka zenyewe kwa kukosa mwenyewe. Hakuna kuku. Hakuna moshi jikoni. Ndege wanaimba vizuri kabisa. "Pazuri kama hapa," alisema. Na pazuri kama pale ndipo alipompoteza rafiki yake waliyetoka naye kiwanda kimoja. Hapo alikaa kimya, nasi hatukumuuliza rafiki alikufaje.

Tulidhani amemaliza. Kumbe lililokuwa likimsumbua hasa lilikuwa la pili, na lilihusu bustani kweli.

Wenyeji wa Mwanza mnakijua kisiwa cha Saanane. Kipo hapo hapo mjini, unavuka kwa boti dakika chache tu. Tangu 1964 kilikuwa bustani ya wanyama, na siku hizi, tangu 2013, ni Hifadhi ya Taifa. Mzee wetu alimpeleka mchumba wake huko kabla ya vita. Walikaa kwenye majani wakala mihogo ya kukaanga wakitazama maji. Wakaoana. Novemba 1978 akaitwa kwenye mgambo, akamwacha mkewe mjamzito. Mtoto, wa kike, akazaliwa baba akiwa Uganda, na habari zikamfikia kwa barua.

Mwishoni mwa Machi 1979 Gaddafi alimpa Mwalimu saa 24 awe ameondoa majeshi yake Uganda. Mwalimu hakuyaondoa. Tarehe 29 Machi ndege ya kivita ya Libya ikaja kupiga Mwanza, ikilenga matangi ya mafuta. Siku hizo kikosi cha mzee wetu kilikuwa upande wa Mpigi, kwenye vilima vya karibu na Ziwa Victoria. Ziwa ni lile lile, upande mmoja yeye, upande wa pili mkewe na mtoto ambaye hajamwona. Waliambiwa tu kwamba Mwanza imepigwa. Basi. Hakuna simu, hakuna WhatsApp, watoto, na barua ilichukua majuma. Siku kadhaa aliishi akijua mji wake umepigwa bila kujua ni mtaa gani.

Habari kamili zilipokuja, kambi nzima ilicheka. Ile ndege ilikosa shabaha. Makombora yaliangukia Saanane, mfanyakazi mmoja akajeruhiwa kidogo, na waliokufa walikuwa swala. Gaddafi amewapiga swala! Mzee naye alicheka, alisema alicheka mpaka akashika mbavu. Usiku ulipofika akakumbuka yale majani waliyokalia. Tangu usiku ule, alisema, hajaweza kukaa kwenye bustani yenye maji bila kuitazama mbingu.

Dada yetu alikuwa ameshika chupa ya chai muda wote huo, chai haimiminiki. Yeye ndiye yule mtoto. Alipokuwa darasa la nne shule yao ilipanga safari ya Saanane, baba akakataa, akasema hakuna hela ya boti. Wenzake wote walikwenda. Alilia siku mbili, na kwa jinsi alivyotusimulia baadaye, kinyongo kile kidogo hakikuisha. Kila baba alipomkatalia kitu, Saanane ilirudi. Sasa ana miaka 45. Jibu alilipata Doha, kando ya ziwa lililochimbwa na watu jangwani.

Hapo tuwaeleze kidogo kile tunachokijua kitaalamu, halafu tutarudi kwenye ya nyumbani.

Baadhi yetu tulichukua shahada ya uuguzi India. Kwenye somo la afya ya akili tulifundishwa ugonjwa unaompata mtu baada ya kiwewe kikubwa: ndoto za kutisha, kushtuka, kukwepa mahali au watu, tukio kumrudia mtu kana kwamba linatokea sasa. Ugonjwa huo ulipewa jina rasmi na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya kuwaona askari wao waliotoka Vietnam. Yaani mwaka mmoja tu baada ya wazee wetu kurudi kutoka Uganda. Mifano yote kwenye vitabu vyetu ilikuwa ya Wamarekani. Mgambo wa Mwanza hakuwa na ukurasa. Alipokelewa kwa ngoma, akarudi kwenye mashine yake kiwandani, na kama alipiga kelele usiku mkewe alimwamsha, wakanywa maji, wakalala. Wake wa wapiganaji ndio waliokuwa wauguzi wa zamu ya usiku kwa miaka 40, bila cheti wala mshahara.

Jambo la pili ambalo familia nyingi hazilitegemei ni kwamba kumbukumbu hizi zinaweza kutulia miaka mingi, zikaamka uzeeni. Mtu akiwa na kazi, watoto wa kusomesha, nyumba ya kujenga, kichwa hakina nafasi. Anastaafu. Mke anatangulia mbele ya haki. Wale wenzake wa kikosi waliokuwa wakikutana kwenye bao wanapungua mmoja mmoja. Halafu sisi kwa upendo wetu tunamkatia tiketi, tunamleta kwenye fleti ya ghorofa ya saba Najma au Al Sadd, tunakwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanakwenda shule, anabaki na kiyoyozi na runinga ya Kiarabu. Mtaani kwake angesalimiwa mara 30 kabla ya saa nne. Hapa hasalimiwi na mtu. Kwenye utulivu wa namna hiyo yaliyolala huamka.

Sasa, si kila anayekumbuka ni mgonjwa, na tunaomba mtuelewe vizuri hapa, maana tusingependa kesho kila babu apelekwe kliniki. Mzee anayesimulia vita kisha akala, akalala, akacheka na wajukuu, huyo anafanya kazi ambayo kila mzee huifanya, ya kuyapanga maisha yake. Msikilizeni. Wa kumtazama kwa makini ni yule ambaye usingizi umemkimbia kwa wiki kadhaa, haachi kukagua milango, hataki kutoka, ameacha kula, anakasirika kwa namna ambayo si yake, au anasema hana haja ya kuendelea kuishi. Vilevile anayechanganya mahali na saa mara kwa mara, kwa sababu kwa mzee hilo linaweza kuwa maambukizi kwenye mkojo, sukari iliyoshuka, dawa zinazogombana, au mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Huyo aonwe na daktari. Na mkumbuke kuwa ile bima ya lazima ya wageni, iliyoanza Februari 2023, ni ya dharura na ajali. Haitalipia miadi ya kliniki ya kawaida. Kwa hiyo mwenye mzee mwenye shida ya siku nyingi, apange mapema, na aje na barua ya daktari wake wa nyumbani pamoja na majina ya dawa, si vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari.

Mzee akikupotea kwa muda, kama yule wa Aspire, usimtikise. Usimpigie kelele ukimwambia "baba, vita vimekwisha!" Anajua vimekwisha. Usitokee nyuma yake. Kaa mahali anapokuona, sema jina lako, sema mlipo, sema saa, mpe kitu cha kushika chenye joto au baridi. Chai inafaa sana, na hilo hatukulisoma India. Usianze kumhoji. Akinyamaza, nyamaza naye. Ukimya wa watu wawili si sawa na wa mtu mmoja.

Baada ya wiki moja dada yetu alituuliza kama aache kumpeleka baba bustanini. Tulimjibu amuulize mwenyewe. Mzee akasema anataka kwenda, ila achague yeye pa kukaa, na waende saa tisa jua likiwa bado lipo, si magharibi. Wamekwenda mara tatu. Siku hizi ameanza kuwafundisha wajukuu majina ya ndege kwa Kisukuma, hata wale ndege ambao Usukumani hawapo. Hao amewatungia majina.

Kuna la haraka, kwa sababu kalenda haitusubiri. Tarehe 18 mwezi huu ni Siku ya Taifa ya Qatar. Tunawapongeza wenyeji wetu, na tunafurahi nao. Lakini mnajua kuelekea siku hiyo ndege za kivita hupita chini juu ya Corniche kwa mazoezi, na fataki zikirushwa huwa hazina mzaha. Kijana wa miaka 12 anaona raha. Mzee aliyelala kwenye handaki Mutukula anaweza kuona kingine. Mwambieni mapema: tarehe fulani, saa fulani, kutakuwa na ndege na mishindo, ni sherehe. Anayejua kitakachokuja hushtuka kidogo. Akitaka kubaki nyumbani, mmoja wenu abaki naye, na msimwachie kazi ya kujifanya hajali. Na hili si la Watanzania peke yetu. Katika bustani hizi hizi kwenye benchi la jirani amekaa mama kutoka Sudan, baba kutoka Syria, familia ya Gaza. Mtoto wenu akimpulizia puto karibu na sikio mzee asiyemjua, mwiteni.

Sasa watoto na vijana, mtusikilize kwa dakika mbili za mwisho. Mtatamani kuwauliza. Ulizeni. Ila swali la kwanza linalowajia nyote tunalijua, nalo ni "babu, uliua wangapi?" Hilo msiulize. Akitaka atasema mwenyewe, na wengi hawatasema. Ulizeni walikula nini. Ulizeni viatu vilikuwaje kwenye matope ya mvua za masika. Nani alikuwa akimwandikia barua, na barua ilichukua muda gani. Waliimba nini kwenye lori. Alipofika nyumbani nani alimwona wa kwanza. Tumejaribu maswali haya kwa wazee wanne mwezi huu, na swali la viatu limechukua jioni nzima.

Msiwasahau bibi. Aliyebaki Mwanza na mtoto mchanga wakati ndege inapita juu ya paa naye alikuwa vitani. Na wapo humu ndani watu wazima, tunawatazama, ambao mwaka 1978 walikuwa watoto wa Kagera waliobebwa mgongoni usiku kukimbia. Pale Kyaka magofu ya kanisa lililopigwa bado yamesimama, na kule Kaboya wamelazwa mamia ya askari wetu. Mkienda likizo Bukoba, simamisheni gari.

Na muulize kwa Kiswahili. Tunajua wengine Kiswahili chenu kina matundu, mnasema nusu yake kwa Kiingereza cha shule. Hakuna wa kuwacheka. Yule mzee wa Aspire aliongea saa mbili, na mjukuu wake mkubwa, wa miaka 14, alikuwa akimnong'oneza mama yake amtafsirie. Mama hakuweza, kwa sababu alikuwa analia. Kwa hiyo kijana hakupata habari ya Saanane siku ile. Alikuja kuipata baada ya siku nne, alipokwenda mwenyewe chumbani kwa babu na daftari, akamwomba aanze tena, polepole.

Baada ya chakula, na tunasema baada, siyo sasa, wazee watatu waliokubali watakaa kwenye meza ile ya karibu na dirisha, ile ya mbali na spika. Tumewachagulia hapo kwa makusudi. Mje wawili wawili. Mwamkieni kwanza. Hakuna kurekodi mpaka mwenyewe akubali, na akisema inatosha, imetosha, mnakwenda kumchukulia soda. Kamati imekubali pia ombi letu kwamba muziki ushushwe kwa nusu saa hiyo. Na yale maputo ya kijani, njano, nyeusi na bluu mtayabeba nyumbani yakiwa mazima. Msiyapasue humu ndani.